Kuzoeana

Katika miaka 34 niliyofundisha Kiswahili katika shule za msingi, kila mwaka nilifika kwenye somo la kauli za vitenzi, na kila mwaka nilitumia kitenzi kimoja kwa mfano. Niliandika ubaoni: zoea, zoesha, zoeana, zoeshana. Watoto walisoma kwa sauti moja, nami nikawaeleza ya kuwa kauli ya kutendesha huonyesha mtu amfanyaye mwingine atende jambo, na kauli ya kutendana huonyesha watu wanaotendeana jambo lile lile. Waliandika, walijibu mtihani, walifaulu. Na mimi nilidhani nimeelewa nilichofundisha. Nilistaafu nikiwa na dhana hiyo. Ikawa kazi ya sungura wawili na wasichana wawili kunifundisha upya tofauti iliyopo baina ya kuzoesha na kuzoeana, katika umri ambao mtu hapendi tena kurudishwa darasani.

Nyumbani kwangu ni Zuzu, magharibi ya mji wa Dodoma. Jina la mahali petu huwachekesha wageni, maana katika Kiswahili zuzu ni mtu aliyepumbaa, asiyejua aanzie wapi. Sisi wenyeji hatuoni haya kwa jina hilo. Ila nakiri kwamba jioni moja ya mwezi Juni, mwaka 2023, nililistahili peke yangu kuliko watu wote wa Zuzu. Nchi yetu ni kavu. Mvua huanza Desemba, hukoma Aprili, na sehemu iliyobaki ya mwaka ni upepo, vumbi na matumaini. Mibuyu husimama bila majani, ng'ombe huenda mbali kutafuta maji, na reli ya kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, hupita katikati ya ukimya huo. Katika nchi ya namna hii ukarimu hupimwa kwa maji, na mimi nilijihesabu kuwa mtu mkarimu.

Mke wangu wa kwanza alifariki mwaka 2015. Binti yetu, aliyekuwa akikaa nami pamoja na mtoto wake, alifariki mwaka 2021, akaniachia mjukuu wa miaka saba. Kwa miaka miwili tuliishi mimi na mtoto huyo na sungura jike wa rangi ya kijivu tuliyemwita Majivu. Mwezi huo wa Juni nikaoa tena. Mke wangu ni mjane kutoka Morogoro. Alikuja na mjukuu wake wa miaka kumi, ambaye mama yake hufanya kazi za nyumbani Muscat, katika nchi ya Oman. Mtoto huyo alishuka katika basi na mkoba mmoja, khanga iliyokunjwa ambayo hakukubali mtu amchukulie, na kikapu. Na ndani ya kikapu mlikuwa na sungura dume mweupe, jina lake Chokaa.

Nilifurahi mno kumwona Chokaa. Nilijiambia kwamba Mungu amenirahisishia kazi: wasichana wawili na sungura wawili, kila mmoja amepata mwenzake. Kwa heshima ya wageni nilikuwa nimepaka nyumba chokaa, nimefagia ua, nimefua kila nguo iliyofulika. Kitanda cha mjukuu wangu kilikuwa kipana, kile alichokuwa akilala na marehemu mama yake. Nikaamuru kwamba wote wawili watalala hapo, kwa kuwa tangu siku hiyo wao ni ndugu. Kisha, ili watoto waone mfano wa udugu kwa macho yao, nilimtoa Chokaa katika kikapu nikamwingiza katika banda la Majivu, nikafunga mlango, nikasimama kando kama mtu aliyefungisha ndoa.

Sikupata hata nafasi ya kutabasamu. Majivu alilaza masikio nyuma, akainua mkia, akamrukia mgeni. Manyoya meupe yalipaa kama pamba katika kiwanda. Chokaa alizunguka banda akitafuta njia ya kutokea, na njia haikuwapo, maana mlango nilikuwa nimeufunga mimi. Nilipofaulu kumtoa, mikono yangu ilikuwa imeparuzwa, na sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika kiasi cha ukucha wa kidole gumba. Mtoto wa mke wangu hakupiga kelele. Alimchukua sungura wake, akamfunga sikio kwa leso, akamwambia bibi yake kwa sauti ndogo kwamba angependa kurudi Morogoro kesho.

Usiku ule nililalamika juu ya ukali wa Majivu. Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, wewe ulikuwa ukitazama sikio la sungura. Mimi nilikuwa nikimtazama mjukuu wako. Hakushangaa, wala hakulia. Alitazama kana kwamba Majivu amemsemea."

Sikuwa na jibu. Nililala nikiitafuta hatia mahali pengine, kama afanyavyo mtu anayejijua kwamba anayo.

Bwana mifugo wa kwetu ni mwanamke, lakini cheo hicho kina jina lake, na watu hawakuona sababu ya kulibadili. Alisomea Mpwapwa, mahali ambapo kazi ya utafiti wa mifugo ilianza tangu zama za Wajerumani. Alipakaa dawa sikio la Chokaa, akaniuliza banda lilikuwa la nani. Nikajibu kwamba lilikuwa la Majivu. Akatikisa kichwa. "Mwalimu, hata wale wafugao sungura kwa nyama hawafanyi hivyo. Jike hupelekwa kwenye banda la dume. Dume hapelekwi kwa jike. Jike hulinda makao yake kuliko dume. Wewe ulimpeleka mgeni hadi chumbani mwa mwenye nyumba, ukamfungia humo, tena bila kubisha hodi."

Kisha akanieleza mambo ambayo mtu aliyesimulia hadithi za sungura kwa miaka 34 angepaswa kuyajua. Sungura wa hadithi zetu, yule mjanja amchezaye fisi na kumwaibisha simba, ni sungura wa porini. Huyo hachimbi shimo, hukaa peke yake, na watoto wake huzaliwa na manyoya, macho yakiwa wazi. Ndiyo sababu, nilifikiri, katika hadithi zote nizijuazo yeye hushughulika na tembo, chui na kobe, lakini ni nadra kumwona akishughulika na sungura mwenziwe. Ujanja wake haukupata kujaribiwa na ujirani. Sungura wa kufugwa ni kiumbe mwingine. Asili yake ni Hispania na kusini ya Ufaransa. Yeye hukaa katika mashimo pamoja na wenziwe, mimba yake huchukua siku kama 31, na watoto wake huzaliwa uchi na vipofu. Huyo hawezi kuishi vyema peke yake. Walakini hamkubali kila ajaye. Hujuana kwa harufu. Chini ya kidevu chake mna tezi, naye husugua kidevu juu ya kila kitu alicho nacho, kana kwamba anaandika jina lake. Asiye na harufu ya nyumbani ni adui mpaka ithibitike vingine.

Kwa hiyo mzigo wa kiumbe huyu ni wa namna mbili: anamhitaji mwenziwe, na anamwogopa. Nilipolisikia hilo niliona kwamba habari haikuwa tena ya sungura tu.

Jambo la kwanza lilikuwa kumhasi Chokaa. Bila hivyo, ama wangepigana daima, ama wangepatana na kutuzalia watoto kila mwezi, hata ua mzima ukawa wao. Tulimpeleka mjini kwa daktari wa mifugo. Nilipotaka kumfungisha chakula tangu usiku, kama wafanyiwavyo watu, nilikatazwa: sungura hawezi kutapika, na tumbo lake halivumilii kukaa tupu. Jirani yangu alipopata habari alicheka mpaka akashika mti. "Mwalimu, unamtibu kitoweo?" Nikamjibu kwamba kitoweo hicho kina jina, na kwamba tangu kilipopata jina hakiliki tena. Dume aliyehasiwa huweza bado kutia mimba kwa muda, kwa hiyo tuliambiwa tungoje majuma sita. Majuma hayo yalinikera wakati ule. Sasa naona kwamba yalituokoa sote.

Tuliweka mabanda mawili yakikabiliana, kila moja na wavu wake, na kati ya nyavu mbili tukaacha nafasi ya shubiri moja, ili waonane wala wasiumane. Siku za kwanza Majivu alipiga mguu chini, ambayo ni ishara yake ya hatari, na Chokaa alijibanza pembeni. Tulianza kuwawekea chakula karibu na wavu, mchicha huku na mchicha huku, ili kila mmoja amwonapo mwenziwe aone pia kitu kizuri. Baada ya juma moja tulianza kubadilishana nyasi: kishada cha nyasi alizolalia huyu kikatiwa kwa yule. Kisha tukawabadilisha mabanda yenyewe, huyu akalala katika harufu ya yule. Kila mara Majivu alisugua kidevu chake upya juu ya kila ubao. Kila mara Chokaa alifanya vile vile juu ya mbao zake. Ilikuwa kama barua zinazopelekwa na kurudi baina ya watu wasiopenda bado kuonana.

Siku moja bwana mifugo alinikuta nikiosha mabanda yote mawili kwa sabuni mpaka mbao zikang'aa. Akanizuia. "Usifue kila kitu kwa siku moja, Mwalimu. Mwachie kila mmoja nyasi kidogo za zamani. Ukiondoa harufu yake yote, atajiona mgeni nyumbani mwake mwenyewe, na mgeni mwenye hofu huuma."

Nilisimama na brashi mkononi. Nilikumbuka siku ya kuwapokea wageni, jinsi nilivyofua kila nguo iliyofulika. Chini ya mto wa mjukuu wangu palikuwa na khanga kuukuu ya mama yake. Niliichukua pamoja na mashuka, nikaitia katika beseni, nikaianika juani, nikaipiga pasi, nikairudisha mahali pake ikiwa safi kabisa. Miaka miwili mtoto yule hakuwa ameifua.

Katika mila zetu si jambo la kawaida mtu mzima kuomba radhi kwa mtoto. Tuliolelewa zamani tulifundishwa kwamba mzee hukosea mbele ya wazee wenziwe tu. Nilizunguka ua mara mbili nikitafuta namna ya kulisema jambo lile bila kulisema. Mwisho nikamkuta ameketi chini ya mnyaa, nikaketi mavumbini kando yake. Nikasema, "Mjukuu wangu, nimekukosea. Kitanda kile kilikuwa chako na mama yako, nami sikukuuliza." Akakaa kimya. Kisha akasema, "Babu, khanga imefuliwa."

Nikamwambia kwamba najua. Hakuna neno jingine lililofaa. Yapo makosa ambayo radhi huyatambua tu, haiyaondoi. Na harufu ya marehemu haina duka inakouzwa.

Kesho yake nilimwita fundi seremala. Alitengeneza kitanda cha pili, na masanduku mawili yenye kufuli, na mke wangu akashona pazia la kugawa chumba. Kitanda kipana kilibaki kwa mwenyewe. Nikamwambia yule wa Morogoro kwamba halazimiki kuniita babu. Kwa kweli tangu alipofika hakuwa ameniita neno lolote. Alipotaka kusema nami alikuja akasimama mbele yangu mpaka nikamwona. Niliufuta pia ule usemi wangu kwamba ninyi ni ndugu. Niliwaambia kwamba ninyi ni watoto wawili mnaokaa nyumba moja, na nyumba ina sheria: kusalimiana, kutogusa sanduku la mtu, na kuwalisha sungura asubuhi na jioni. Mengine waliachiwa wenyewe.

Majuma yale ya kungoja yalinirudisha nyuma sana katika kumbukumbu. Mwaka 1971, katika Operesheni Dodoma, watu wa Ugogo waliokuwa wakikaa mbali mbali, kila mji na tembe yake na zizi lake, walihamishwa kukaa pamoja vijijini. Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka ng'ombe wa mazizi mbalimbali walipokutana majini: walipigana kwa pembe siku chache, wakajuana nani atangulie, yakaisha. Watu hawakuwa wepesi hivyo. Mama yangu na jirani yetu mpya, ambao milango yao ilitazamana, walikaa muda mrefu bila kuombana moto. Hapakuwa na ugomvi baina yao. Palikuwa na ukaribu tu, uliokuja kabla ya ujuani. Waliozoeana mwisho walizoeana kisimani, mahali pasipokuwa pa mmoja wao, wakiwa na mitungi mikononi na sababu ya kungoja.

Wazee wa zamani zaidi walilijua jambo hili pia. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Ugogo, na haikunywa maji kabla ya kulipa hongo. Wasafiri wa Ulaya waliopita njia ile katika karne ya kumi na tisa waliilalamikia sana hongo hiyo katika vitabu vyao, na bila shaka ndani yake mlikuwa na tamaa. Lakini haikuwa tamaa tupu. Mgeni alipiga kambi nje, akatuma neno, akangoja jibu, akatoa kitu. Na katika kungoja huko mwenyeji alipata muda wa kumtazama. Hongo ilikuwa mlango. Mimi nilikuwa nimeubomoa mlango nikauita ubomoaji huo ukarimu.

Mwisho wa Agosti majuma sita yalitimia. Bwana mifugo alitwambia tutafute mahali ambapo hakuna kati yao aliyepata kukanyaga. Jirani yangu, yule yule wa kitoweo, alitupa stoo yake iliyokuwa tupu kwa kuwa mavuno yalikuwa haba. Tulipangusa sakafu kwa maji na siki, tukatandika magunia ili wasiteleze, tukatawanya mchicha mahali pengi ili wasigombanie mahali pamoja. Tuliweka maboksi mawili ya kujifichia, kila boksi likiwa na milango miwili, kwa maana sungura aliyebanwa pasipo njia ya kutokea hupigana kwa hofu hata kama hana chuki. Mjukuu wangu alimleta Majivu. Mwenziwe alimleta Chokaa. Kila mmoja alisimama upande wake na taulo nene mikononi, tayari kuwatenganisha, nami nikashika ufagio. Tuliingia kwa saa asubuhi, kabla ya joto, maana sungura hatoki jasho, na jua la Dodoma linaweza kumwua.

Siku ya kwanza tuliwaacha dakika kumi. Chokaa alikula, Majivu alimfukuza mara mbili, aking'oa manyoya machache, akarudi pembeni. Mjukuu wangu alitaka kuingilia, lakini mwenziwe akamwambia, "Bado. Mkia haujainuka." Hayo yalikuwa maneno ya kwanza marefu niliyowasikia wakiambiana. Walikuwa wamejifunza dalili zote kuliko mimi: kwamba kufukuzana kidogo na kupandana ni namna ya kupanga vyeo, wala si vita, kwamba wakianza kuzungukana, huyu akifuata mkia wa yule, ni lazima kuwatenganisha upesi, kwamba sungura ajisafishaye mbele ya mwenziwe ameanza kuamini, na kwamba ajitupaye chini kwa ubavu, miguu nje, amemaliza kuogopa. Kila siku tuliongeza dakika chache. Kila mara tulimaliza kungali kuna amani, ili wakumbuke amani.

Katika siku ya kumi na moja Majivu alimsogelea Chokaa, akainamisha kichwa mpaka pua ikagusa gunia, akatulia. Niliguswa sana. Nikawaambia watoto, "Tazameni, amejinyenyekeza. Anaomba msamaha." Mtoto wa Morogoro akanitazama kwa huruma ambayo walimu huwapa wanafunzi wazito. Akasema, "Hapana. Haombi msamaha. Anaamuru alambwe. Yule ainamishaye kichwa ndiye mkubwa." Na kweli, Chokaa alianza kumlamba paji la uso, kwa bidii, kama mtumishi.

Niliondoka pale nikiwaza. Nimeongoza madarasa kwa muda mrefu, na nimewasifu watoto wengi kwa unyenyekevu. Je, ni mara ngapi nilikisoma kichwa kilichoinama kinyume na maana yake? Na mtoto yule mgeni, ambaye tangu afike alikuwa mtulivu, aliyekula alichopewa na kusema asante kwa kila kitu, hata mimi nikamsifu mbele ya majirani kwa adabu zake: hayakuwa adabu tu. Alikuwa kama Chokaa pembeni mwa banda. Alikuwa anatafuta mlango. Na ukali wa mjukuu wangu, ambao niliuita utovu wa adabu, ulikuwa ulinzi wa mtu aliyebakiwa na kitu kimoja.

Mwanzoni mwa Oktoba sungura walihamia banda moja jipya, lisilo la huyu wala la yule, na mtungi wa maji ukawekwa ndani ili wauegemee wakati wa joto. Wamo humo mpaka leo. Tumeonywa tusimpeleke mmoja peke yake kwa daktari. Akirudi na harufu ya mbali, mwenziwe aweza kumkana na kazi yote ikaanza upya. Akiugua mmoja, huenda wote wawili.

Ama wasichana, msomaji asitazamie kwamba nitamwambia walikumbatiana siku ile ile. Pazia liliendelea kuwapo. Mwezi Januari, mvua zikiwa zimeanza, nilisikia kelele chumbani mwao. Walikuwa wakigombana juu ya kipande cha sabuni: nani amekimaliza, nani amekiacha majini kikalainika, nani ni mvivu, nani ni mwongo. Nilinyanyuka kwenda kuamua. Mke wangu alinishika mkono akaniketisha. "Mwache. Wamefika." Nilistaajabu, kisha nikaelewa. Kwa miezi saba walikuwa wameambiana samahani na tafadhali. Watu wasiojuana hawagombani kwa ajili ya sabuni. Huogopa kupoteza heshima. Methali husema mazoea yana taabu, na walimu huitumia kuwaonya watu. Mimi usiku ule niliisikia taabu hiyo kama habari njema.

Hapo ndipo nilipolirudia somo langu la ubaoni. Kuzoesha ni kazi ya mtu wa tatu, na kazi hiyo ina mipaka: kuweka nyavu, kuacha shubiri moja, kupangusa sakafu, kufungua milango miwili, kushika ufagio na kutoutumia bila sababu. Kuzoeana ni kazi ya wawili wenyewe, na hakuna wa tatu awezaye kuwafanyia. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kauli moja ikitamkwa kwa nguvu ya kutosha hugeuka kuwa nyingine.

Mwezi Desemba mwaka 2024 wasichana walikwenda Morogoro kwa likizo, wote wawili, kwa treni ya umeme ya reli mpya iliyoanza kufika Dodoma mwaka huo. Ilikuwa mara ya kwanza mjukuu wangu kuwa mgeni nyumbani mwa watu. Aliporudi alikuja banda la sungura, nilipokuwa nikitia nyasi, akasimama kando yangu.

"Babu, kule kila kitu kina harufu ya watu wengine. Usiku wa kwanza sikulala."

"Ukafanyaje?"

"Yeye aliamka akanipa ile khanga ya mama yake, nijifunike." Akamsugua Majivu paji la uso. "Akasema niitunze vizuri, maana hajaifua."